Ua la Juu ya Maji na Ua la Chini ya Maji: Yungiyungi katika Tafakuri ya Kibuddha

Ua la majini ndilo ua kuu la dini ya Kibuddha. Buddha huchongwa ameketi juu yake, mkao wa tafakuri wa kukunja miguu na kuipandisha juu ya mapaja umepewa jina lake, na kitabu kinachoheshimiwa mno Asia Mashariki, Sutra ya Lotasi, kilichofasiriwa kwa Kichina na mtawa Kumarajiva mwaka 406, kinaitwa kwa jina hilo hilo. Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba ua huota topeni likachanua safi, na binadamu vivyo hivyo anaweza kuishi duniani bila kuchafuliwa nayo. Ni maelezo ya kweli, ila ni nusu ya habari. Nusu ya pili inahusu ua ambalo halitoki majini kamwe, na hiyo ndiyo inayogusa tafakuri yenyewe.

Kwanza mimea yenyewe, kwa kuwa ni miwili na haina undugu wa karibu. Mmoja ni lotasi ya Asia, Nelumbo nucifera, ambayo majani yake ya mviringo husimama juu ya maji kwa vikonyo virefu. Tone likianguka juu ya jani hilo hujikusanya, likabingirika na kuondoka na vumbi. Mwaka 1997 Wilhelm Barthlott na Christoph Neinhuis wa Bonn, Ujerumani, walieleza sababu: uso wa jani umejaa vinundu vidogo sana vilivyofunikwa na nta, na maji hayapati mahali pa kushika. Mmea huu si wa asili katika Afrika ya kitropiki.

Wa pili ni yungiyungi, ambalo jani lake hulala juu ya maji na lina mpasuko mmoja unaofika kwenye kikonyo. Katika sanaa ya Kibuddha, ua la buluu linaloshikwa na Manjushri, mwenye kuwakilisha hekima, na pia na Tara, mwenye huruma, ni la mmea huu wa pili. Ni Nymphaea nouchali, ambalo Sri Lanka ililifanya ua la taifa mwaka 1986. Spishi hiyo imeenea kutoka kusini mwa Asia hadi Australia, na aina yake ya Kiafrika iko karibu kote katika Afrika ya kitropiki. Kwa hiyo anayetaka kulielewa ua la Manjushri anaweza kuanzia nyanda za juu za Kigoma, magharibi mwa Tanzania.

Mto Malagarasi huanzia kwenye milima ya mpaka wa Burundi, hupita kati ya Kasulu na Kibondo, kisha hutawanyika katika ardhioevu kubwa kabla ya kuelekea Ziwa Tanganyika. Ardhioevu hiyo, Malagarasi-Muyovozi, yenye hekta 3,250,000, iliorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhioevu mwaka 2000, ikiwa ya kwanza kwa Tanzania. Ni nchi ya mafunjo, ya ndege domokiatu na ya wavuvi wa mitumbwi. Mahali maji yanapopunguza mwendo ndipo yungiyungi hustawi.

Inafaa kulitazama kwa karibu. Shina lake nene limefukiwa topeni. Kikonyo kikikatwa huonyesha mirija mipana, ambayo hupitisha hewa kati ya majani na shina hilo. Ua hufunguka jua likishapanda na kujifunga alasiri, kwa siku chache mfululizo. Siku ya kwanza katikati yake huwa na kisima kidogo cha majimaji. Mdudu aliyetoka ua jingine akitumbukia humo, chavua aliyoibeba hubaki. Siku zinazofuata ndipo chavua ya ua lenyewe hukomaa. Baada ya hapo kikonyo hujisokota, kikalivuta tunda chini, nalo likaivia ndani ya maji. Uzuri unaoonekana juu ni kipindi kifupi tu cha maisha ambayo sehemu yake kubwa hupita chini.

Vitabu vya Kibuddha vya lugha ya Kipali, vilivyoandikwa Sri Lanka katika karne ya kwanza kabla ya Kristo, vinalitumia ua la majini kwa namna zaidi ya moja. Brahmani aitwaye Dona anamuuliza Buddha yeye ni nani, naye anajifananisha na ua lililozaliwa majini, likakulia majini, likapanda juu yake bila kulowana. Mahali pengine, Buddha akisita kufundisha baada ya kuamka kiroho, anawatazama watu kama bwawa la maua: mengine yamo chini, mengine yamefika usawa wa maji, mengine yamekwisha kuchomoza. Hapo ua limekuwa kipimo cha utayari wa mtu kusikia.

Mfano wa tatu ndio wenye uzito zaidi kwa tafakuri, ingawa wasanii hawakuupenda kama ule wa kwanza. Umo katika hotuba ya Kipali iitwayo Samannaphala Sutta, panapoelezwa hatua nne za kuzama katika utulivu. Katika hatua ya tatu msisimko wa furaha umekwisha, na kilichobaki ni raha tulivu iliyoenea mwili mzima. Hali hiyo inafananishwa na maua ya buluu, mekundu na meupe yanayoishi yakiwa yamezama, yamejaa maji baridi kutoka ncha hadi mizizi, pasipo sehemu iliyobaki kavu. Hapa maji hayakimbiwi: ndiyo utulivu wenyewe. Anayeichukulia tafakuri ya Kibuddha kuwa ni kuikimbia dunia tu anapaswa kuusoma mfano huu pamoja na ule wa Dona, kwa sababu vitabu vimeiweka yote miwili.

Ibada nayo inaongeza jambo. Wabuddha wa Sri Lanka huweka maua mbele ya sanamu ya Buddha, mengi yakiwa ya majini, huku wakikariri kwamba kama yanavyonyauka, ndivyo mwili nao unavyoelekea kuharibika. Ua likishakatwa ni somo la kupita kwa vitu vyote, na kulitazama likinyauka ni zoezi kamili.

Desturi hiyo ilifika Afrika Mashariki na Wasinhala wa Sri Lanka waliojenga hekalu Dar es Salaam mapema katika karne ya 20. Hekalu hilo lingalipo, na mti wa bodhi uani. Uganda nayo ina kituo cha Kibuddha karibu na Entebbe, kilichoanzishwa mwaka 2005 na mtawa mzaliwa wa nchi hiyo, Bhante Buddharakkhita. Kwa mwalimu wa Kasulu au Kibondo, awe wa baiolojia au wa historia ya dini, ua lenyewe halihitaji safari ya Dar es Salaam wala Entebbe. Awapeleke wanafunzi Malagarasi saa nne asubuhi, wakati yungiyungi limefunguka, na asiache kuwaonyesha sehemu iliyo chini ya maji.