Neno "Mine" na Mkataba wa Mzee



Kamati imenipa dakika chache nizungumze juu ya jambo lolote nilipendalo. Nimechagua neno moja la Kiingereza, lenye herufi nne tu, ambalo sote tulifundishwa hapa Ibadakuli tukiwa kidato cha kwanza. Neno hilo ni "mine".

Maana ya kwanza ni ile ya darasani: ni changu, ni langu, ni yangu. Maana ya pili ni mgodi. Mwadui, ambako Dakta John Williamson wa Kanada aligundua almasi mwaka 1940, ni "mine". Geita, ambako mgodi mkubwa wa dhahabu ulianza kuzalisha mwaka 2000, nako ni "mine". Maana ya tatu ni kitenzi, yaani kuchimba madini.

Maana ya nne ni bomu la kutegwa ardhini. Zamani askari walichimba njia chini ya ukuta wa adui, wakajaza baruti na kuulipua. Ndipo jina la shimo likahamia kwenye bomu. Panya buku wanaofunzwa Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine, wamesaidia kuyanusa mabomu hayo huko Msumbiji. Tena mtu mwenye maarifa mengi huitwa "mine" ya habari, kama mwalimu wetu wa historia.

Wataalamu wa lugha wanasema hayo ni maneno mawili yaliyofanana kwa bahati tu. Lile la "yangu" ni Kiingereza cha asili. Lile la mgodi lilitoka Kifaransa.

Ndugu zangu, nisingewachosha na kamusi kama jambo hili lingeishia darasani. Mzee mmoja alifika ofisini kwangu na mkataba wa Kiingereza, kurasa nne, ambao tayari alikuwa ameutia dole gumba. Kijana wa jirani, aliyeishia kidato cha pili, alikuwa amemsomea. Kila alipokuta "mine" alimwambia, "Hapa wanasema ni yako, babu." Nikausoma. Nikamwambia, "Shikamoo tena, mzee wangu. Hapa hawasemi shamba ni lako. Wanasema mgodi, na mgodi ni wa hao waliokuletea karatasi." Alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Na mihogo yangu je?"

Swali lake lina jibu katika sheria. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake. Kwa Sheria ya Madini ya mwaka 2010, madini yaliyo chini nayo ni mali ya umma. Lakini sheria hiyo hiyo inamtaka mwenye leseni apate ridhaa ya maandishi ya mkaaji halali kabla ya kuchimba karibu na nyumba au mazao yake, na inampa mkaaji huyo haki ya kudai fidia. Basi dole gumba la mzee lilikuwa na thamani kubwa. Alilitoa bila kujua anatoa nini.

Mwaka 2021 Bunge lilipitisha sheria iliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Hiyo ni hatua njema. Hata hivyo, mikataba ya watu binafsi hufuata lugha ya aliyeiandika, na mwandishi mara nyingi si mkulima.

Kwa hiyo naomba jambo moja. Kila mmoja wetu aliyesomeshwa hapa, arudipo kijijini, atangaze kwamba yuko tayari kusoma karatasi ya mtu yeyote kabla haijatiwa sahihi, bila malipo. Aisome yote, kwa Kiswahili au Kisukuma. Asipoelewa neno, aseme hajui, ampeleke mhusika kwa mwanasheria.

Mzee yule tulimwelekeza kwa afisa wa ardhi wa wilaya, akaenda na mwanawe. Wengine bado hawajafika kwa yeyote.