Pikipiki ya Mlimani Ikodishwe kwa Maandishi

Leo nataka tuzungumze kuhusu safari ya siku moja kwa pikipiki, kutoka Busia, Malaba na miji yetu mingine ya mpakani mwa Kenya na Uganda hadi vijiji vilivyo chini ya Mlima Elgon, na kuhusu namna tunavyoikodisha pikipiki hiyo.

Bodaboda ilizaliwa kwetu. Katika miaka ya 1960 vijana wa hapa mpakani walianza kubeba watu kwa baiskeli kati ya lango la Kenya na lango la Uganda, na kutoka hapa kazi hiyo ikaenea Afrika Mashariki nzima. Mwaka 2008 Kenya ilipoondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo, Boxer na TVS zikachukua nafasi ya baiskeli, na leo familia nyingi zina mtu anayekula kutokana na steji ya bodaboda.

Mwezi Februari 2018, Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walizindua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani hapa Busia. Siku hizi msafiri anakamilisha shughuli za nchi zote mbili upande mmoja, na kungojea kumepungua. Hilo ni jema kwa biashara. Lakini mgeni apitaye haraka hali kwetu, halali kwetu, wala hapandi boda yetu. Anaelekea Kampala au Nairobi bila kujua kwamba ameacha nyuma nchi nzuri kupita kiasi.

Hebu tuifuate njia hiyo. Ukitoka Busia asubuhi, unapita Alupe na Adungosi, na baada ya kilomita thelathini hivi umefika Malaba, jabali la Tororo likionekana upande wa pili wa mpaka. Unashika njia ya kaskazini kuingia Teso Kaskazini, nchi ya wimbi, mihogo na mawe makubwa. Huko, kwenye vilima vya Chelelemuk, ndiko kuliko Kakapel, mahali palipo chini ya Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya. Kwenye mwamba ule kuna michoro ya kale: viduara kimoja ndani ya kingine, na ng'ombe waliochorwa na mikono ya watu wa zama tofauti.

Wanaakiolojia wamechimba chini ya mwamba huo na kukuta dalili za watu kuishi pale kwa zaidi ya miaka 9,000. Mwaka 2024 walitangaza kwamba walipata mbegu ya kunde yenye umri wa miaka 2,300 hivi, mojawapo ya ushahidi wa kale zaidi wa zao la shambani katika Afrika Mashariki. Pamoja nayo walikuta pia wimbi na mtama wa miaka ya baadaye. Kunde hizi tunazochuma majani jioni zina historia ndefu hivyo, na historia hiyo iko mwendo wa pikipiki kutoka sokoni Malaba.

Kutoka Kakapel unaweza kuendelea hadi Malakisi na Lwakhakha, mpaka mwingine mdogo, kisha ukapanda kuelekea Cheptais. Hewa inabadilika. Unaona migomba, kahawa, vitunguu na viazi, na ukungu unashuka mapema alasiri. Kilele cha Wagagai cha Mlima Elgon, upande wa Uganda, kiko mita 4,321 juu ya usawa wa bahari, lakini huhitaji kufika kileleni ili uionje nchi ile. Watu wa Cheptais na vijiji jirani waliteseka sana katika vita vya ardhi vya kati ya mwaka 2006 na 2008, na jina la Mlima Elgon likaogopwa. Mgeni anayekuja kwa amani, akanunua vitunguu na kunywa chai hotelini, anasaidia kulisafisha jina hilo.

Sasa tuseme ukweli kuhusu ukodishaji wenyewe. Anayetaka pikipiki ya siku nzima hufika steji, akaongea na kijana mmoja, wakapatana bei kwa mdomo, na akakabidhiwa ufunguo. Mara nyingi pikipiki hiyo si ya kijana. Ina mwenyewe anayesubiri hesabu ya jioni, au ina mkopo ambao haujaisha. Mwenyewe hajui kwamba chombo chake kimekwenda Cheptais. Mgeni hajui kama bima inamhusu. Breki hazijakaguliwa, na helmeti ni moja, tena imepasuka. Mvua ikinyesha kwenye udongo mwekundu wa mlimani, tairi ikateleza na mguu ukavunjika, swali la nani atalipa hospitali halina jibu. Kijana wa steji ndiye huumia kuliko wote, kwa sababu anadaiwa na mwenye pikipiki, anadaiwa na mgonjwa, na kazi imesimama.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwanza, ninachoomba ni daftari. Kila chama cha bodaboda katika Busia na Malaba kiwe na karatasi moja ya mkataba wa siku: jina la mwenye pikipiki na idhini yake, jina na leseni ya anayeendesha, namba ya pikipiki, njia watakayopita, saa ya kurudi, bei yote pamoja na mafuta, na nani atagharamia tairi au ajali. Karatasi hiyo isainiwe na pande zote, na nakala ibaki steji. Gharama yake ni ndogo kuliko soda, na inaweza kuokoa nyumba nzima isiuze ng'ombe kwa ajili ya deni.

Pili, pale inapowezekana, mgeni asiendeshe mwenyewe. Akodi pikipiki pamoja na mwendeshaji wake. Kijana wa Teso au wa Cheptais anajua daraja lipi limebebwa na maji, anajua kushuka mteremko kwa gia ndogo bila kuchoma breki, na anaweza kuwasalimu wazee kwa lugha yao. Kule Ha Giang, milimani kaskazini mwa Vietnam, wageni wengi hufanya hivyo: wanakaa nyuma, kijana wa huko anaendesha, na malipo ya siku yanabaki kijijini. Zanzibar nako mgeni anayekodi vespa huulizwa leseni na kibali kabla ya kuingia barabarani. Pande zote mbili zimeelewa kwamba utalii bila utaratibu huzaa majeruhi.

Tatu, sheria tuliyo nayo itimizwe. Sheria ya trafiki ya Kenya inaruhusu abiria mmoja tu kwenye pikipiki, na inamtaka mwendeshaji na abiria wake wavae helmeti na jaketi ya rifleksa. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba helmeti hupunguza hatari ya kufa kwa takriban asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69. Kwa hiyo helmeti ya abiria si pambo la kuning'inizwa kwenye usukani polisi wakipita. Na anayetaka kuvuka kwenda upande wa Mbale nchini Uganda asitegemee bima ya Kenya peke yake. Aulize kwanza kuhusu Kadi ya Njano ya COMESA na karatasi za forodha.

Kwako wewe unayepanga safari, ondoka alfajiri na ugeuze kabla ya saa tisa alasiri, hasa miezi ya mvua kuanzia Machi hadi Mei. Ikague minyororo, taa na tairi mwenyewe. Beba koti la mvua na pesa taslimu. Ukifika Kakapel usiuguse mchoro, kwa maana jasho la vidole huuharibu.

Kwa serikali za kaunti za Busia na Bungoma, ombi langu ni fupi. Wekeni vibao vya njia ya kwenda Kakapel, wafundisheni vijana huduma ya kwanza na maelezo ya kuwaongoza wageni, na mtoe orodha ya wale waliohitimu, ibandikwe mpakani pale pale wasafiri wanapogongewa pasipoti.

Na kwenu ndugu zangu wa steji, msingojee kaunti. Karatasi ya mkataba mnaweza kuichapisha kesho kwenye duka lolote la saiba, na helmeti ya pili mnaweza kuichangia wiki hii. Anzeni na pikipiki tano zenye breki nzuri, wenyewe waliokubali, na waendeshaji wenye leseni. Baba zenu na babu zenu waliipa Afrika Mashariki bodaboda. Ionyesheni sasa jinsi safari ya mlimani inavyokodishwa kwa haki na kwa usalama.