Mbaazi kabla ya pilau



Mwezi uliopita nilikaa katika kamati ya sherehe ya kipaimara hapa Babati mjini. Mtoto ni wa kaka yangu, na mimi shangazi nikapewa jiko.

Sherehe zetu mnazijua. Kadi inasema saa nane mchana, lakini pilau hupakuliwa saa moja usiku. Katikati hapo ni hotuba na zawadi, na wazee wanakunywa soda tumbo likiwa tupu. Nikapendekeza kwamba mgeni akishakaa tu, apewe rojo zito la moto la mbaazi na mchicha, achovye kwa kipande cha chapati.

Kijana mmoja akacheka. "Shangazi, mbaazi tena? Watu watasema tumefilisika." Yeye alitaka biskuti za boksi kutoka Arusha.

Maneno yale yaliniuma. Mbaazi ndiyo fedha ya wilaya hii. Tunazipanda pamoja na mahindi. Mahindi yakishavunwa zenyewe hubaki shambani zikikomaa. Kisha tunazipakia kwenye malori ziende India. Agosti 2017, wakati wa mavuno hasa, serikali ya India iliweka kikomo cha tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi zinazoingia nchini mwao. Bei ikaanguka, wengine wakazikatia tamaa kabisa. Mwaka 2021 India ilifungua tena mlango, nasi tukasahau. Wahenga walisema mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Sisi tulisingizia India, lakini ni nani kati yetu aliyezipika nyumbani na kumkaribishia mgeni?

Nikaomba nijaribu kwanza. Siri sifichi: jaribio la kwanza liliharibika. Nilimimina mtindi katika sufuria inayochemka, maziwa yakakatika, kukawa na maji juu na mabonge chini. La pili lilifaulu, na nitawaeleza lilivyokwenda.

Loweka kilo moja ya mbaazi kavu usiku kucha. Mwaga maji yale, chemsha kwa maji mapya hadi zilainike kabisa, kisha zipondeponde kwa mwiko. Mafungu manne ya mchicha yachemshe dakika chache tu, uyakamue maji yote, uyakatekate. Usipokamua, rojo litakuwa mchuzi. Kaanga vitunguu maji na vitunguu saumu kwa mafuta ya alizeti, changanya vyote, tia chumvi na pilipili manga, acha vitokote pamoja. Sasa epua. Ukishaepua ndipo utie malai, ule utando mzito wa juu ya maziwa yaliyochemshwa, vikombe viwili, kidogo kidogo huku ukikoroga. Malai hayataki moto mkali. Hilo ndilo nililojifunza kwa hasara.

Weka katika hotipoti lisipoe. Pembeni panga vipande vya chapati, mihogo ya kukaanga na karoti zilizokatwa vijiti. Kila mgeni ateke kwa kijiko na kuweka katika kisahani chake, si mikono ishirini katika bakuli moja. Na kilichokaa mezani zaidi ya saa mbili kisirudishwe sufuriani, maana chakula cha maziwa huharibika upesi.

Jumapili ilipofika, hotipoti tatu zilikwisha kabla mshereheshaji hajamaliza kutambulisha meza kuu. Bibi mmoja aliuliza kama hii ni nyama ya kusaga. Nilipomwambia ni mbaazi za shambani kwake, alinyamaza kidogo, kisha akaomba nyingine. Na yule kijana wa biskuti nilimwona akifuta kisahani chake kwa kipande cha mwisho cha chapati. Sikumsemesha.

Sisemi tuache kuuza. Ada za shule hazilipwi kwa rojo. Nasema tusione haya kumpa mgeni kile ambacho mnunuzi wa ng'ambo anakivukia bahari. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wataalamu walitoa nchini mbegu bora za mbaazi. Moja ikaitwa Mali, nyingine Tumia. Ile ya kwanza tumeielewa vizuri sana. Hii ya pili, ndugu zangu, bado.

Mgeni njoo, mwenyeji apone.