Zabibu Ndani ya Pipa la Lambiki

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama na wanafunzi, siku ya mkutano wa mwaka)



Nimetakiwa niseme juu ya kemia ya pombe. Mwalimu Mkuu asiwe na wasiwasi, sikuleta chupa.

Huko Brussels, Ubelgiji, kuna kiwanda cha ukoo kiitwacho Cantillon, kilichoanzishwa mwaka 1900. Pombe yao ni lambiki. Hupikwa kwa kimea cha shayiri, ngano mbichi, na hopsi zilizowekwa miaka hata zikapoteza uchungu. Lakini hamira hawatii. Maji ya kimea yakiisha kuchemka humwagwa katika beseni pana la shaba chini ya paa, yakalala humo usiku kucha, na vijidudu vya hewani vikayaingia. Mgema wa mnazi hatashangaa, kwani tembo nalo huchachuka bila kutiwa kitu. Tofauti ni subira: lambiki hukaa katika mapipa ya mti mwaka mmoja, miwili, hata mitatu.

Sasa zabibu. Watu hudhani mvinyo mwekundu humiminwa ndani ya bia. Sivyo. Zabibu zenyewe, za merlot na cabernet franc, hutiwa katika lambiki iliyokwisha komaa, ambayo sukari yake karibu yote imeliwa. Kilo moja ya zabibu mbivu ina sukari kama gramu 200. Basi vijidudu vilivyolala huamka. Karibu nusu ya uzito wa sukari ile huwa alkoholi, na nyingine huwa hewa ya kaboni dayoksaidi. Rangi haitoki katika maji ya zabibu, ambayo kwa aina hizi hayana wekundu, bali katika ganda. Ganda na kokwa ndivyo vitoavyo ule ukakasi unaokausha ulimi. Uchachu ni wa lambiki. Kinywaji hicho huitwa Saint-Lamvinus.

Upishi huu hutaka usiku wa baridi, ndiyo maana hufanywa tangu Oktoba mpaka Aprili. Joto likizidi, beseni hupoa polepole mno na vijidudu vibaya hutangulia. Novemba 2015 Cantillon walilazimika kusimamisha upishi kwa sababu ya joto. Wapo wasemao mashine ya kupoza na hamira ya maabara zingemaliza taabu. Zingeimaliza, ndiyo, lakini hiyo ingekuwa bia nyingine, hata ingekuwa nzuri.

Naona wanafunzi wa biolojia wameinua mikono. Aanze yule wa nyuma.