Fungua Kwanza, Nunua Baadaye

Ndugu wasikilizaji, mwezi uliopita nilirudi kutoka Kariakoo na kipande cha RAM aina ya DDR4, nikifurahia bei. Kompyuta yetu kuukuu ikakikataa: yenyewe hutumia DDR3, na pengo la kipande haliko mahali pamoja. Muuzaji hakurudisha fedha. Mama watoto alinitazama tu. Fedha ile ilikuwa ya madaftari.

Sasa nasema hivi: zima umeme, fungua kasha, soma maandishi ya kipande kilichomo, ndipo uende dukani. Na kama fedha inatosha kitu kimoja tu, anza na diski. SSD haina sahani inayozunguka, hivyo hata mashine ya zamani huwaka upesi.

Kuuliza si ujinga. Hadi juma lijalo, kwaherini.