Kidude cha Ndani ya Redio na Afya ya Mama

(Muziki wa kufungulia unapanda, kisha unashuka.)

Mlio kwenye foleni ya maji, nisikilizeni hapo hapo, msipoteze nafasi.

Naanza na hiyo redio yako. Ndani yake mna vidude vinavyoitwa transista. Ya kwanza ilitengenezwa Marekani, katika maabara za Bell, Desemba 1947. Kazi yake ni kama koki ya bomba: umeme mdogo unafungua na kufunga njia ya umeme mkubwa. Ndiyo maana sauti hafifu inayotoka mnarani inakufikia kwa betri mbili tu.

Mtaniuliza, haya yanamhusu nini mama anayetokwa damu?

Shangazi yangu alianza kutokwa damu wakati hedhi ilishakoma zamani. Ilikuwa 2021, tumekimbia Palma. Akasema ni uchovu wa njiani. Alificha miezi, akifua vitambaa usiku. Alipopimwa, saratani ya mlango wa kizazi ilishaenea. Tulimzika mbali na makaburi ya kwao.

Saratani hii husababishwa na kirusi cha HPV, kinachopita kwa kujamiiana, na huchukua miaka mingi kukomaa. Hata mwanamke aliyejua mume mmoja tu anaweza kukipata, kwa hiyo wanaume, acheni maneno. Hapo katikati ni doa tu, na doa linatibika. Nesi hupaka siki ya hospitali, husubiri dakika moja, na mahali pabaya hugeuka peupe.

Zamani kuliondoa doa kwa baridi kulitaka mtungi mzito wa gesi. Nani ataupakia kwenye pikipiki, kwa mchanga wetu huu? Sasa kuna kifaa cha mkononi cha betri. Ncha yake hupata joto la nyuzi 100 hivi, huwekwa kwenye doa kwa muda usiofika dakika. Joto hilo linaongozwa na saketi zenye transista, ndugu za zile za redio yako. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa tiba hii 2019.

Nchini kwetu imeshajaribiwa. Kuanzia 2020, watafiti wa Msumbiji na wenzao wa Marekani walipima wanawake zaidi ya 9,000 wa miaka 30 hadi 49, Maputo na Gaza, wakitafuta kirusi chenyewe. Karibu 3 katika kila 10 walikutwa nacho. Wenye kuhitaji tiba, wengi walitibiwa kwa joto. Wahandisi wa Chuo Kikuu cha Rice nao wametengeneza kamera nyembamba inayoonyesha chembechembe za mwili papo hapo, bila kungoja maabara.

Maputo ni mbali, najua. Lakini shida yetu kubwa sisi tuliohama ni majibu. Mama anapimwa leo, wiki ijayo yuko kambi nyingine, majibu yake yamebaki daftarini. Hakuna mashine inayomtafuta mtu aliyehama. Kwa hiyo ukipimwa, omba majibu yaandikwe kwenye kadi yako, na kadi hiyo ikae pamoja na vitambulisho, ile mifuko tunayoishika kwanza tukisikia risasi. Ukihama, mwambie mhudumu wa afya unakwenda wapi.

Damu baada ya kujamiiana, au baada ya hedhi kukoma: nenda kituo cha afya kesho asubuhi. Una miaka 30 au zaidi na huna dalili, uliza kipimo ukienda kwa uzazi wa mpango. Anayeishi na virusi vya ukimwi aulize tangu miaka 25. Na binti wa miaka 9, ulizia chanjo yake. Nchi yetu iliianza 2021.

Wiki ijayo nesi atakuwa nami hapa. Akina mama, andikeni maswali bila jina, mtie kwenye sanduku la mlangoni. Asiyejua kuandika aje Alhamisi jioni, nitamwandikia mwenyewe.

(Muziki wa kufungia.)