Kwa Gari la Moshi Toka Mlimba Hata Makambako
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa mwezi)



Mmeniheshimu kwa kunitaka niseme nanyi jioni hii habari za safari yangu ya likizo. Nalidhani nitawaeleza uzuri wa milima tu, kisha niketi. Lakini katika behewa lile nalikutana na jambo linalotuhusu sisi makarani, wala sina budi kulisema, ingawa halinipambi.

Reli niliyosafiri ni ile itokayo Dar es Salaam hata New Kapiri Mposhi katika Zambia, mwendo wa kilometa 1,860. Ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa mkopo usio na riba kutoka China, ikakabidhiwa kwa serikali mbili za Tanzania na Zambia mwaka 1976. Sababu yake mwaijua. Tangu walowezi wa Rhodesia walipojitangazia utawala wao mwaka 1965, shaba ya Zambia ilikosa njia ya amani ya kufika baharini. Wakubwa wa fedha walikwisha kusema kwamba reli hiyo haitalipa. Ikajengwa vivyo hivyo.

Tuliondoka Dar es Salaam jioni, tukapita pori la wanyama gizani. Kulipopambazuka tulikuwa katika bonde la Kilombero, mashamba ya mpunga huku, na milima ya Udzungwa huku, imejifunika ukungu kama mzee aliyejitanda blanketi. Tulipofika Mlimba watu walinunua ndizi na wali, na wenye kujua njia wakahamia madirishani. Nikawauliza kuna nini. Wakasema, “Ngoja utaona.”

Toka Mlimba hata Makambako ni kilometa 157 tu, lakini katika mahandaki 22 ya reli nzima, 18 yamo katika kipande hicho. Sababu ni hii. Gurudumu la chuma juu ya chuma huteleza, kwa hiyo gari la moshi haliwezi kukwea mlima kama mbuzi. Katika kila mita 100 za mwendo halifai kupanda zaidi ya mita 2 hivi. Basi reli hulazimika kuzunguka ubavuni mwa mlima. Ikikuta korongo hujengewa daraja, na ikikuta jabali hutobolewa njia. Hivyo ndivyo ipandavyo kutoka bondeni penye joto hata Makambako, palipo juu ya bahari zaidi ya mita 1,600, ambapo abiria wote walitafuta makoti.

Nalitazama dirishani nikaona injini yetu wenyewe mbele, imepinda upande, inavuka daraja ambalo sisi hatujalifikia. Daraja la mto Mpanga lina miguu yenye urefu wa yapata mita 50; ukitazama chini, miti mikubwa huonekana kama mboga bustanini. Kisha giza la ghafula, harufu ya jiwe bichi, watoto wakipiga kelele. Kisha mwanga na msitu mwingine tena.

Mkabala nami alikuwa ameketi mzee aliyepita miaka 70. Kila tulipoingia handakini alivua kofia, na tulipotoka akaivaa. Nikamwambia, “Shikamoo, baba. Mbona wavua kofia?”

Akajibu, “Marahaba, mwanangu. Hapa tulichimba. Wako wenzangu hawakutoka.”

Akanieleza jinsi udongo ulivyolowa mvua ukawaporomokea, na jinsi walivyofanya kazi bega kwa bega na Wachina, wakielewana kwa mikono kuliko kwa maneno. Wachina zaidi ya 60 walikufa katika kazi ile, na yako makaburi yao Gongo la Mboto, yenye majina juu ya mawe. Nikamwuliza, “Na wewe, baba, jina lako limeandikwa mahali?”

Akacheka. “Limeandikwa, ila si langu. Siku ya kuandikishwa huko kwetu, karani alitia L mahali pa R. Nikamwambia. Akasema, ‘Ondoka, wengine wanangoja.’ Basi nimekuwa mtu wa karani. Kila karatasi yangu yafuata ile ya kwanza, na watoto wangu wanaitwa kwa jina ambalo babu yao hakulijua.”

Ndugu zangu, tuliingia handaki jingine, nami nalishukuru giza lile. Kwa maana miezi michache kabla ya likizo alinijia mezani mzee mmoja kudai haki yake ya utumishi. Cheti chake na jalada lake vilitofautiana kwa herufi moja. Nalimrudisha mara tatu. Mara ya tatu nilisema maneno yale yale: “Ondoka, wengine wanangoja.” Hakurudi tena, nami nalihesabu kwamba shauri limekwisha.

Niliporejea kazini nalitafuta jalada lile, likanichukua siku mbili. Nimemwandikia mkubwa wangu kukiri kosa, nimemwandikia na mzee kwa anwani aliyoiacha. Mkubwa amekubali jina lisahihishwe kwa kiapo. Mzee hajajibu. Siku ya Jumamosi nitakwenda kijijini kwake mwenyewe. Ikiwa amefariki, nitawatafuta warithi.

Twalalamika katika chama hiki, tena kwa haki, kwamba wakubwa hawatuoni kuwa watu ila namba. Yafaa tujiulize na yule asimamaye mbele ya meza yetu twamwonaje. Nawaomba mambo mawili. Mtu asomewe jina lake kabla hajaondoka, aseme mwenyewe kwamba ndilo. Na tukikuta herufi imekosewa, tumwonyeshe njia ya kuisahihisha, wala tusimrudishe nyumbani kama mwongo.

Wale wazee walitoboa jabali ili gari lipite. Sisi twashindwa na herufi moja?

Bwana Mwenyekiti, nimekwisha.